Sauti za Injini ya Dizeli: Somo Kutoka Bukoba na Muleba



Wenzetu wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, huishi kwa mti kama sisi: wao buni, sisi karafuu. Nao hutegemea injini za dizeli katika vinu, malori na vyombo vya ziwani, na mvua yao ya kando ya Ziwa Victoria, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ni kubwa kama ya Pemba. Basi maradhi ya injini zao aghalabu ndiyo ya zetu, ila moja tutakalolitaja.

Injini ya dizeli haina plagi. Hewa hubanwa katika silinda mpaka ikawa moto mkali, kisha nozeli hurusha mafuta yakawaka yenyewe. Kwa hivyo kugonga kidogo ni tabia yake, hasa asubuhi ingali baridi. Kukipungua ipatapo joto, si ugonjwa.

Sauti ikiwa kali kama nyundo juu ya chuma, na moshi mweusi, mara nyingi ni nozeli inayodondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza. Katika injini ya zamani yenye silinda kadhaa, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja, injini ikienda polepole. Sauti ikipotea, ila i katika silinda hiyo. Mkono usikaribie, kwani mafuta yale hupenya ngozi. Malori mapya yanayoongozwa kwa kompyuta yasijaribiwe hivyo hata kidogo. Adui mkubwa wa nozeli ni maji yaingiayo katika pipa lililosimamishwa mvuani. Pipa lilazwe ubavu, chini ya paa.

Sasa lile moja. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini isiyo na taboo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na pampu iliyopimwa pwani itatoa moshi mweusi huko ingawa nozeli ni nzima. Dawa ni kupunguza mafuta. Naye mwanachama anunuaye injini kuukuu ya bara, akaiona dhaifu huku kwetu, aulize kwanza pampu ilipimwa wapi.

Mlio mwepesi wa juu, tiki-tiki, ni tapeti zilizolegea.

Mgoto mzito wa chini ndio wa kuogopwa. Katika injini ya kinu ya silinda moja, wengi husikia mgoto huo wakahukumu kuwa beringi ya konrodi imekwisha. Injini ikafunguliwa yote, katikati ya mavuno, kumbe ni kabari ya flaiwili imelegea. Zimeni injini, mshike flaiwili kwa mikono miwili, mwitikise mbele na nyuma. Ikicheza juu ya shafti yake, mgonjwa ni kabari, na kazi ni ya saa chache. Ikiwa imara, tizameni oili. Mgoto ukija pamoja na geji ya oili kushuka, injini izimwe papo hapo, hata kama gunia limo kinuni nusu. Beringi hununuliwa, konrodi ikikatika hutoboa bodi ya injini, na hapo hununuliwa injini nyingine.

Toleo lijalo, inshallah, tutaeleza namna ya kupima tapeti.