SOMO LA ROBO MWAKA: Kuwafundisha Watoto Wadogo Kuhusu Mwezi na Nyota

Kwa walimu wa watoto, wazazi na kamati za parokia, Kamuli

Somo la robo hii linahusu watoto wa miaka mitatu hadi saba. Halihitaji jengo wala vifaa vya kununua kwa gharama kubwa. Linahitaji mtu mzima mwenye uvumilivu na mbingu zilizo wazi, na mbingu hizo Kamuli tumejaliwa.

Kwa nini somo hili?

Kwanza, watoto wengi huogopa usiku. Mtoto anayejua kuwa mwezi na nyota vina Muumba anayempenda hutazama giza kwa moyo mwingine.

Pili, mtoto wa miaka mitano leo atakaa kwenye darasa la sayansi baada ya miaka michache tu. Kama sisi tulimwambia jambo lisilo kweli kuhusu mwezi, tena kwa jina la Mungu, siku atakapoujua ukweli atajiuliza ni mangapi mengine tuliyomwambia hayakuwa kweli. Kwa hiyo mwalimu wa watoto hana ruhusa ya kubahatisha. Akifundisha kweli kuhusu kazi ya Mungu, anamheshimu Mungu mwenyewe.

Neno la Mungu linasemaje?

Mwanzo 1:14-19 inatueleza kuwa jua, mwezi na nyota viliumbwa siku ya nne, na kwamba viliwekwa kutenganisha mchana na usiku na kuonyesha majira, siku na miaka. Kumbukumbu la Torati 4:19 inaonya tusivisujudie. Zaburi 147:4 inasema Mungu anajua hesabu ya nyota na huziita zote kwa majina. Katika Zaburi 8 mwimbaji anatazama mwezi na nyota, kisha anashangaa kwamba Mungu mkuu hivyo anamkumbuka mwanadamu. Hilo ndilo kusudi la somo letu: mtoto ashangae, kisha ajue kuwa anakumbukwa.

Mwalimu asome pia Ayubu 9:9 na 38:31. Humo limetajwa kundi la nyota linaloitwa Kilimia. Jina hilo linatokana na kulima, maana wakulima walitumia nyota hizo kupima majira. Mwezi Novemba Kilimia huchomoza mashariki jua linapotua. Mwezi Mei hupotea kwenye mwanga wa jua, na Juni huonekana tena alfajiri. Wazee wetu waliisoma kalenda hiyo kabla ya kalenda ya ukutani kuingia nyumbani.

Mambo ambayo mwalimu ayajue kwanza

1. Mwezi hauna mwanga wake wenyewe. Tunauona kwa sababu jua linaumulika. Ni taa ya usiku kwetu, lakini mwanga wake umepokelewa.

2. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi. Chukua chungwa liwe dunia na gololi kubwa iwe mwezi, kisha uviweke mbalimbali kwa mita mbili na nusu. Huo ndio uwiano wake.

3. Kutoka mwezi mwandamo hadi mwezi mwandamo mwingine ni siku 29 na nusu hivi. Mwezi haulíwi wala haukatwi. Sehemu yake iliyomulikwa ndiyo tunayoiona kubwa au ndogo, kadiri unavyoizunguka dunia.

4. Nyota ni majua yaliyo mbali sana. Mwanga wa jua letu hutufikia kwa dakika nane hivi, lakini ule wa nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua husafiri zaidi ya miaka minne.

5. "Nyota inayoanguka" si nyota. Ni kijiwe kinachowaka kikiingia kwenye anga letu. Kikubwa huweza kufika chini, kama kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, chenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa zaidi ya tani 10.

6. Vitabu vingi vya picha vimechorwa na watu wa nchi za mbali na ikweta. Huchora mwezi mchanga ukiwa umesimama wima. Sisi tuko chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta, na kwetu mwezi mchanga mara nyingi hulala kama mtumbwi, au kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Mtoto akichora hivyo usimsahihishe. Amechora alichokiona kwa macho yake, na yuko sahihi kuliko kitabu.

7. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, tunaona nyota za kaskazini na za kusini. Mwishoni mwa Mei, saa mbili na nusu usiku, Dubu Kubwa huonekana upande wa kaskazini na Msalaba wa Kusini upande wa kusini, zote kwa wakati mmoja. Watu wa Ulaya hawauoni Msalaba huo wakiwa kwao.

Hatua za kufundisha

*Hatua ya kwanza: asubuhi darasani.* Walimu wengi huuliza watafundishaje mambo ya usiku wakati watoto huja asubuhi. Subirini siku ya tatu hadi ya sita baada ya mwezi mpevu. Saa mbili asubuhi mwezi bado utakuwa upande wa magharibi. Watoeni watoto nje wautafute wenyewe. Watajifunza kuwa mwezi haufungwi na usiku. Wakumbusheni wasilitazame jua kamwe.

*Hatua ya pili: nyumbani na mzazi.* Anzeni siku mwezi mwandamo unapoonekana. Kila jioni, kwa siku kumi na nne, mtoto atoke uani na mzazi wake, autazame mwezi, kisha achore umbo lake kwa mkaa au penseli. Mvua ikinyesha aache nafasi wazi. Mchoro wa mwisho utakuwa duara, na mtoto atakuwa ameona mpangilio wa Mungu bila kuhubiriwa.

*Hatua ya tatu: mpira na tochi.* Hii ni ya watoto wa miaka sita na saba. Katika chumba chenye giza, mmoja ashike tochi awe jua. Mwingine asimame katikati awe dunia. Wa tatu amzunguke akiwa na mpira wa majani ya mgomba, ameuinua juu kidogo ya kichwa cha mwenzake. Yule wa katikati aseme anaona sehemu gani ya mpira imemulikwa.

*Hatua ya nne: majina.* Waalikeni babu na bibi waje kutaja majina ya nyota kwa Kinyambo, na hadithi zake. Watoto wadogo huelewa haraka kwa lugha ya nyumbani. Tena majina haya yasipoandikwa sasa, yatazikwa pamoja na wenye kuyajua.

*Hatua ya tano: sala.* Kila mtoto ataje kitu kimoja alichokiona, na amshukuru Mungu kwa hicho.

Maswali magumu ya watoto

*"Mbona mwezi unanifuata?"* Mwambie atazame mgomba ulio karibu na kilima cha mbali akiwa anatembea. Mgomba unabaki nyuma upesi, kilima kinaonekana kwenda naye. Mwezi uko mbali zaidi ya kilima.

*"Mwezi ukiwa mwekundu, kuna nini?"* Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa kabisa, na Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya eneo la kuuona, kuanzia saa mbili na nusu hadi karibu saa nne usiku. Dunia ilipita katikati ya jua na mwezi, na kivuli chetu kikaufunika. Wekundu ni mwanga wa jua uliopita kwenye hewa ya dunia. Si laana, na hakuna wa kulaumiwa.

*"Mama yangu aliyekufa amekuwa nyota?"* Swali hili lipewe muda. Wengi wetu tungependa kujibu "ndiyo" ili kumtuliza. Tusifanye hivyo. Nyota ni nyota, na mama ni mtu ambaye Mungu anamjua kwa jina. Mwambie: Mungu anayeziita nyota zote kwa majina hajalisahau jina la mama yako, wala lako. Kisha kaa naye. Faraja hiyo haitavunjika atakapofika darasa la sayansi.

Kwa kamati za parokia na wafadhili

Tunaomba kila kamati ifanye mambo matatu. Ichague mwezi mmoja wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, kwa ajili ya somo hili. Ihakikishe mazoezi ya usiku yanafanyika uani kwa mtoto, mbele ya mzazi au mlezi wake, na si njiani wala mbali na nyumbani. Na katika taarifa ya robo mwaka, pamoja na idadi ya watoto, iandike maswali waliyouliza. Maswali ndiyo yatatuonyesha kama watoto wanafikiri.

Kwa wafadhili wetu: karatasi, penseli na betri za tochi vinatosha. Zaidi ya hapo, msaada mkubwa ni kuwawezesha walimu wa watoto kukutana na kufundishana, kwa sababu mwalimu aliyeelewa huhitaji picha chache.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni mambo gani tuliyoambiwa utotoni kuhusu mwezi ambayo bado tunawaambia watoto?
2. Katika kigango chetu, ni nani bado anajua majina ya nyota?
3. Mtoto akituuliza swali tusilolijua, je, tuko tayari kumjibu, "Sijui, twende tukatafute pamoja"?

Samaki mkunje angali mbichi. Mungu awabariki katika kazi hii.