Supamaketi Ikikulalia: Jua Sheria ya Nguvu ya Mnunuzi

Leo tuache mbolea kidogo tuongee soko, maana mazao mazuri bila malipo ni hasara tu.

Tuseme umepeleka kreti 40 za nyanya supamaketi. Mlikubaliana ulipwe baada ya siku 30. Siku ya 90 bado unaambiwa "njoo kesho". Kulalamika unaogopa: wakikukata, utauza wapi?

Hapo ndipo inaingia Mamlaka ya Ushindani ya Kenya (CAK), inayosimamia Sheria ya Ushindani ya 2010. Kuwa mnunuzi mkubwa si kosa. Kosa ni kutumia ukubwa huo kumkandamiza anayekuuzia. Bila sababu ya haki, mnunuzi haruhusiwi:

- kuchelewesha malipo kinyume cha mapatano;
- kukataa au kurudisha mzigo mliokubaliana;
- kukukata ghafla bila notisi;
- kukubebesha hasara iliyo yake;
- kukubana usiuzie wengine.

Na si maneno matupu. Desemba 2023, CAK iliipiga Majid Al Futtaim, kampuni inayoendesha Carrefour nchini Kenya, faini ya shilingi bilioni 1.1. Walioonewa walikuwa wauzaji wawili, mmoja wao Woodlands, kampuni ya asali. Pamoja na faini, iliamriwa irudishe punguzo ililowakata na ifute vipengele vya uonevu kwenye mikataba yake.

Kesi huendaje? Unapeleka malalamiko, CAK inachunguza, inadai nyaraka, na mnunuzi anapewa nafasi ya kujitetea. Akipatikana na kosa, faini inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka. Asiyeridhika hukata rufaa kwa Baraza la Ushindani.

Lakini sikia: bila karatasi, ni neno lako dhidi ya lake. Weka mkataba, LPO, invoisi na hati ya kupokea mzigo iliyotiwa sahihi. Hata jumbe za WhatsApp usifute.

Tena usichanganye mambo. Bei ikishuka kwa sababu kila mtu amevuna nyanya wiki moja, hiyo si kesi ya CAK. Hiyo ni kalenda yako ya kupanda, na hapo mimi na wewe tuna kazi.

Zoezi la wiki hii: fungua faili moja kwa kila mnunuzi. Andika tarehe ya kupeleka mzigo na tarehe ya kulipwa. Ukishaona siku zinazidi mapatano, dai kwa maandishi, usingoje ya 90.