Mlango wa stoo ukianza kuwa mzito: cha kufanya mwenyewe na cha kumwachia fundi

Leo tunaweka mbegu na dawa pembeni kidogo, tuzungumzie mlango. Vijana wengi ninaowatembelea sasa wamejenga stoo nzuri, sakafu ya zege, bati jipya, na wameweka mlango wa rola kama ule wa maduka ya mjini ili pikapu au pawatila iingie ndani. Kwa hiyo hapo hapo ndipo gereji, hapo hapo ndipo ghala. Mlango ukigoma, na biashara imegoma.

Msimu uliopita kijana mmoja alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Fuso ya mnunuzi iko nje, magunia ya mahindi yako ndani, mlango umepanda futi mbili tu na hauendelei. Wapakiaji wanne wakaunyanyua kwa nguvu, wakauegemeza kwenye kipande cha mti. Mti ukateleza. Mmoja wao aliwahi kuvuta mguu, basi tu. Mnunuzi naye hakusubiri, akaenda kupakia kwa mtu mwingine. Nilipofika nikamuuliza mwenye stoo, mlango ulianza lini kuwa mzito? Akanijibu, "Toka Krismasi, bwana shamba." Hapo tulikuwa Julai.

Wengi hatujui kwamba mlango wa rola haubebwi na mikono yetu. Juu, ndani ya lile bomba unapojiviringisha, kuna springi. Mlango ukishuka springi inajikaza, ukipanda springi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito, wewe unasaidia tu. Mlango uliokuwa mwepesi ukianza kukutoa jasho, kuna kitu kimeharibika, hata kama bado unafunguka.

Jaribio lake ni hili, lifanye kila mwezi. Pandisha mlango mpaka usawa wa kiuno, kisha uachie taratibu, mikono ikiwa karibu na miguu ikiwa mbali. Ukikaa pale pale, springi ni nzima. Ukishuka wenyewe, springi imelegea au imekatika. Ukikimbilia juu, imekazwa kupita kiasi. (Kama mlango wako unavutwa kwa mnyororo au mota, jaribio hili halikuhusu, kwa sababu gia zinaushikilia.)

Lakini kabla hujailaumu springi, angalia reli za pembeni. Stoo zetu zina vumbi la mahindi na pumba, na manyigu wanapenda sana kujenga vinyumba vya udongo mle ndani. Safisha kwa brashi kavu na kitambaa. Tafadhali usipake grisi wala oili chafu! Najua kila mtu anafanya hivyo, lakini grisi inashika vumbi na baada ya wiki chache reli inakuwa na uji mzito kuliko mwanzo. Tafuta mafuta ya silikoni ya kupuliza, yapo maduka ya spea, upulizie kidogo tu. Kama reli imegongwa na gari na imepinda, usiendelee kulazimisha mlango kupita hapo, maana utapinda nao.

Sehemu ya chini ndiyo inayonihusu zaidi mimi kama mtu wa kilimo. Penseli ikipita chini ya mlango, panya mdogo naye anapita. Maji ya mvua ndiyo usiseme. Umehangaika kukausha mahindi mpaka unyevu wa asilimia 13.5, halafu magunia ya karibu na mlango yanalowa tena, yanaota ukungu, na hapo umekaribisha sumukuvu. Funga mpira mnene kwenye ukingo wa chini, na kwa nje uukinge na kipande cha bati, kwa sababu mpira mtupu panya anautafuna. Kizingiti kimwagiwe zege lenye mteremko wa kwenda nje. Na mbolea isikae jirani na mlango. Inavuta unyevu na inakula chuma. Kutu ikishaanza, kwangua kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya kawaida.

Wenye milango ya kusukuma pembeni, kazi yenu ni ndogo: ondoeni mchanga kwenye reli na badilisheni beringi za magurudumu zikianza kulia. Ila nenda leo ukaangalie vizuizi vya mwisho wa reli. Kama havipo, chomelea kabla ya kitu kingine chochote. Mlango ule ukitoka kwenye reli unamwangukia aliyekuwa anausukuma.

Springi, bomba na nati zinazolishikilia ukutani usiguse. Springi ina nguvu iliyojifungia hata ukiiona imetulia, na bisibisi ikichomoka inaweza kukuvunja mkono. Muite fundi wa milango ya rola hasa. Anayechomelea madirisha vizuri si lazima awe anaijua springi. Mpe upana na urefu wa mlango kwenye simu ili aje na springi inayobeba uzito huo. Kama zilifungwa mbili siku moja na moja imekatika, badilisha zote, kwa sababu zimefanya kazi sawa. Akimaliza, fanya lile jaribio la kiuno mbele yake, ndipo umlipe.