Presha ya Mimba na Sukari ya Kondo
Je, presha ya mimba huletwa na chai tamu? La. Sukari inayohusika hapa ni minyororo midogo iliyofunika kondo la nyuma na kushikilia protini. Katika mimba yenye presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki 20, na protini katika mkojo, watafiti wameona minyororo hiyo ikibadilika. Kondo lenye hitilafu humwaga protini zinazodhuru mishipa ya damu ya mama.

Mama wa Likoni, kichwa kikiuma sana, macho yakiingia kiwi au ukiumwa chini ya mbavu, nenda hospitali usiku huohuo. Usingoje kupambazuke ndipo uvuke feri. Utafiti wa 2002 ulithibitisha kwamba sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza kwa nusu hatari ya kifafa cha mimba.