Kuchoka kwa Moyo na Dawa Yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeulizwa na ndugu yetu mmoja, mwalimu wa chuo, suala ambalo twaona jawabu yake itawafaa wengi. Asema kwamba amesomesha watoto Kurani miaka ishirini, na kazi hiyo aliipenda kuliko kazi zote. Na kila baada ya alasiri alikuwa akikaa barazani akishona kofia, si kwa kuuza, ila kwa kuifurahisha nafsi yake. Sasa, tangu miezi mingi, moyo umemtoka. Asubuhi hushika ufunguo wa chuo, akasimama mlangoni asitake kufungua. Sauti za watoto zamkera. Na kofia aliyoianza i sandukuni, sindano ingali imechomwa kitambaani. Auliza: Je, huu ni udhaifu wa imani? Na je, akifunge chuo?

Jawabu. Jua, ewe ndugu, Mwenyezi Mungu akurehemu, ya kwamba uvivu na kuchoka ni mambo mawili mbalimbali. Mvivu huikimbia kazi kabla hajaigusa, na moyo wake u radhi. Ama aliyechoka, ameifanya kazi hatta ikamla, na moyo wake wamlaumu usiku na mchana. Wewe u katika hawa wa pili, kwani mvivu hasimami mlangoni akihuzunika. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya 11 ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeieleza hali hii kwa alama tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kuona kwamba afanyalo halifai kitu. Wala halikuihesabu kuwa ni maradhi, bali ni hali itokayo katika mashaka ya kazi yaliyodumu pasipo kutengenezwa.

Wala usidhani kwamba jambo hili huwapata wanyonge tu. Sikiliza khabari ya Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 450 wa Hijra, yaani 1058. Mwaka 484 waziri Nizam al-Mulk alimweka kuwa mwalimu wa madrasa ya Nidhamiya katika Baghdad, nayo ilikuwa katika madrasa kubwa kabisa za zama zile. Wanafunzi wake walikuwa mia tatu, na jina lake likaenea kila upande.

Kisha mwaka 488, yaani 1095, naye hajatimiza miaka arubaini, moyo ulimgeuka. Alikaa karibu na miezi sita akivutwa huku na huku, leo ataka kuondoka na kesho ataka kukaa, hatta ulimi wake ukafungika. Alikuwa akijilazimisha asomeshe walau siku moja ili awaridhishe wanafunzi wake, na neno lisitoke. Chakula kikamshinda na mwili ukadhoofu. Matabibu wakakata tamaa ya kumtibu, wakasema kwamba asili ya ugonjwa huu i moyoni, wala hapati kupona hatta moyo utulie. Haya yote ameyasimulia mwenyewe katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal, wala hakuona haya.

Alipojichungua aliona kwamba katika kusomesha kwake nia haikuwa safi, bali jaha na sifa zilikuwa zikimsukuma. Basi akaigawa mali yake, akibakiza ya kumtosha yeye na ya kuwalisha watoto wake, akaondoka Baghdad. Akakaa Sham karibu na miaka miwili, akijifungia katika mnara wa msikiti wa Damascus. Kisha akaenda Bait al-Mukaddas, kisha Hijazi, baadaye akarejea kwao. Katika miaka hiyo ndipo alipotunga Ihya Ulum al-Din. Na mwaka 499, yaani 1106, baada ya miaka kumi na moja, alirejea kusomesha, katika mji wa Nishapur. Lakini yeye mwenyewe aeleza kwamba huko hakukuwa kurudi pale alipokuwa: zamani alisomesha ilimu ipatishayo jaha, na sasa asomesha ilimu ya kuiacha jaha. Alifariki Tus mwaka 505, yaani 1111.

Tazama basi. Kazi ni ile ile, na aliyebadilika ni mfanya kazi.

Lakini si kila mtu awezaye kusafiri miaka kumi na moja, wala si kila aliyechoka nia yake imeharibika. Pengine ni mwili tu umezidishiwa mzigo. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa kwamba ni ya Bibi Zainabu, akichoka katika sala huishika. Mtume akaamrisha ifunguliwe, na mtu asali maadamu ana uchangamfu, na akichoka akae. Ikiwa katika sala mtu hakuamrishwa kujining'iniza kwa kamba, itakuwaje katika kazi nyingine?

Basi shauri letu ni hili. Kwanza, fungua kamba zako. Wazee wetu walikuwa wakifunga vyuo siku ya Ijumaa. Nawe ikiwa siku hiyo umeijaza darasa za majumbani, ziache. Pili, usibebe peke yako. Wanafunzi wakubwa wawasomeshe wadogo, kama ilivyo desturi ya vyuo, nawe usikilize. Tatu, ijaribu nia yako: jiulize, lau watu wasingalikusifu wala kukulaumu, ungalisomesha? Ukijibu ndiyo, basi dawa yako ni mapumziko. Ukijibu sivyo, basi anza na kutubia. Nne, usipoweza kulala wala kula, au ukiona maisha hayana maana, nenda kwa tabibu upesi, wala usione haya. Imam naye alitazamwa na matabibu.

Ama kofia, usijilazimishe kuimaliza. Itoe sandukuni, iweke barazani karibu nawe. Siku moja shona mishono michache, na ukichoka iache. Amali ipendezayo mbele ya Mola ni ile idumuyo ijapokuwa chache.

Na chuo usikifunge sasa. Mtu aliyechoka asikate shauri kubwa siku ya kuchoka kwake. Pumzika kwanza, kisha simama tena mlangoni, uutazame moyo wako wasemaje.

Mwenyezi Mungu atupe nguvu katika kazi zetu na utulivu katika nyoyo zetu. Amin.