Dondoo muhimu kwa kijana mgeni Kasongo, mashariki mwa Kongo

Saa. Kasongo imetangulia Kinshasa kwa saa moja. Ukiitwa kwenye mkutano wa mtandaoni saa nne za Kinshasa, kwako ni saa tano.

Umeme na mtandao. Njoo na paneli ndogo ya jua na betri yake. Ramani na programu za kazi zipakue ungali mjini Kindu, kabla ya kuja huku. Kuwa na laini za kampuni mbili. Moja ikilala, nyingine huenda ikaamka.

Pesa. Dola iliyochanika, hata kidogo, hukataliwa. Sokoni na kwa mwendesha pikipiki, beba faranga za noti ndogo.

Lugha. Kiswahili kiliingia huku karne ya 19 na misafara ya wafanyabiashara akina Tippu Tip, kikawa cha wenyeji. Usimsahihishe mtu kwa Kiswahili cha vitabuni. Uliza neno, lirudie, liandike. Mimi naona hilo ni darasa bora kuliko programu yoyote ya simu.

Wikiendi. Nenda Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, lakini kwanza waulize wenyeji hali ya barabara na usalama, na ukifika jitambulishe kwa chifu. Tarehe 15 Julai 1871 msafiri Mwingereza David Livingstone alishuhudia hapo watu wa sokoni, wengi wao wanawake, wakipigwa risasi na watu wa wafanyabiashara wa watumwa. Wengine walizama mtoni wakikimbia. Kwa hiyo simu ikae mfukoni. Keti na wazee, usikilize. Picha omba baadaye, na ukikataliwa, shukuru.