Umerithi Pijo ya Mzee? Usiiwashe Kwanza

Arobaini imepita, ndugu wamegawana vitu, na wewe umekabidhiwa funguo za Peugeot 504 iliyolala chini ya mwembe miaka kumi na miwili. Kila anayepita ana neno. Huyu anasema ni dhahabu, itengeneze. Yule anasema ni chuma chakavu, ikapimwe kwa kilo. Wasikilize, washukuru, kisha amua kwa macho na mikono yako. Unahitaji Jumamosi mbili, sumaku, bisibisi, tochi na daftari.

Zuia hamu ya kuiwasha
Petroli iliyolala miaka yote hiyo imeganda kama gundi kwenye tenki na kabureta. Kuta za silinda zimekauka. Ukifunga betri mpya na kupiga starta, unaweza kuvunja ringi za pistoni ambazo zingepona. Usiioshe pia. Ipige picha kwanza, nje na ndani, boneti likiwa wazi. Siku ya kurudisha waya na mipira mahali pake, picha hizo zitakuokoa.

Maliza karatasi
Tafuta kadi ya gari; kwa aliyeko Kenya, logbook. Linganisha namba ya chesisi iliyoandikwa pale na ile iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Kama kadi bado ina jina la marehemu, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye wa kuhamisha umiliki. Hilo likamilike kabla hujanunua hata kopo la rangi.

Kaa na ndugu zako pia, na mwandikishiane: gari ni la nani, gharama ni za nani, likiuzwa fedha zinakwenda wapi. Gari bovu halina mgombea. Likishang'aa, wagombea hujitokeza.

Anza na bodi, injini baadaye
Injini ya 504 inafunguka na kufungika. Kutu ndiyo inayoua gari hili, kwa sababu halina fremu ya peke yake: bodi ndiyo mifupa. Land Rover za zamani zina fremu ya chuma chini na mabati ya alumini juu, ndiyo maana hufufuliwa hata zikiwa hoi. Yako haina nafasi hiyo.

Vika sumaku kitambaa chembamba, uipitishe chini ya milango, juu ya matairi na kwenye kona za buti. Isiposhika, pamejazwa puti. Inua kapeti. Sukuma bisibisi kwenye sakafu na pale jeki inapokaa. Ikigonga kavu, bati lipo. Ikizama kama kisu kwenye papai, andika kwenye daftari.

Sasa fungua boneti. Zoa kwa mkono majani ya mwembe yaliyojikusanya chini ya kioo cha mbele. Huko maji hulala mvua hadi mvua. Angalia bati lililo chini yake, kisha mulika pale vichwa vya shokapu za mbele vinapofungwa. Kama gari limekaa Tanga, Mombasa au popote karibu na bahari, rudia ukaguzi wote. Chumvi haina huruma.

Zungusha injini kwa mkono
Chomoa kijiti cha oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, na huenda gasketi ya silinda hedi imekwisha.

Toa plagi zote nne, mimina kijiko cha oili safi kwenye kila tundu, usubiri siku mbili. Weka gia huru. Shika nati ya puli ya mbele kwa spana ndefu, zungusha polepole. Ikimaliza mizunguko miwili bila kukwama, una pa kuanzia. Ikigoma, usiilazimishe. Ongeza oili, subiri wiki. Ikigoma tena, ingiza kwenye hesabu gharama ya kufungua injini nzima.

Hesabu vilivyopotea
Bahati yako, 504 si mgeni kwetu. Ilianza kutengenezwa 1968, ikaunganishwa Kenya, ikashinda Safari Rally 1975 na 1978, na zile ndefu zilibeba abiria kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtafute fundi mwenye mvi aliyezishika enzi hizo, na umuulize spea zake ziko wapi.

Vitu vya breki, klachi na injini mara nyingi vina njia yake. Vinavyosumbua ni vioo, taa, raba za milango na urembo wa bampa. Gari bovu lililokamilika ni afadhali kuliko zima lenye mapengo. Na usitupe kifaa cha zamani kabla kipya hakijakaa sawasawa.

Piga hesabu ya kweli
Ita fundi injini, fundi bodi na fundi umeme, kila mmoja kwa wakati wake. Jumlisha, kisha ongeza nusu. Rangi ikishavuliwa, kutu huwa kubwa kuliko ile uliyoiona. Linganisha jumla na bei ya 504 nyingine inayotembea. Tofauti iliyopo ndiyo bei ya kumbukumbu ya mzee. Kama unaweza kuilipa bila mkopo na bila kugusa ada za watoto, endelea.

Lenga litembee, si ling'ae
Wewe ni mgeni wa kazi hii, basi usianze kwa kulifumua lote. Magari mengi hufia kwenye maboksi, nati huku, milango kule. Shika mfumo mmoja, umalize, uende mwingine: breki, mafuta, maji ya injini, umeme, matairi. Rangi ije mwisho.

Matairi usiyaamini kwa kashata. Soma tarakimu nne ubavuni, mwisho wa mstari wenye herufi DOT: 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Tairi la umri huo litakufikisha gereji tu.

Jiwekee mpaka
Andika kiasi na tarehe. Sitisha kazi ukikutana na mojawapo ya haya matatu: karatasi hazisafishiki, mifupa ya bodi imeliwa, au makisio yamevuka kiasi chako.

Ukifika hapo, uza bila kujilaumu. Usikimbilie wapima kilo. Tafuta mwenye 504 yake anayehitaji nyingine, mwonyeshe picha na daftari lako, mweleze kila kasoro. Bakiza usukani au funguo za mzee. Mzee alilinunua gari limhudumie, limpeleke kazini, likuwahishe wewe shule. Hakulinunua likufilisi.

Jumamosi hii usibebe betri. Beba sumaku.